Jinsi kioo cha kukuzia kinavyokuza vitu vidogo, na namna ya kukishika sawasawa

Mpe mtu kioo cha kukuzia kwa mara ya kwanza na umwambie amtazame sisimizi. Atanyoosha mkono, atakiweka kioo karibu na sisimizi, kisha atarudisha kichwa nyuma kama anayesoma tangazo ukutani. Nimefundisha sayansi sekondari kwa miaka mingi, na kila mwaka kidato kipya kinafanya hivyohivyo. Wanamwona sisimizi amenenepa kidogo, wanasema, "Mwalimu, kweli kinakuza," wananirudishia kioo. Miguu yenye vinyweleo hawajaiona, taya hawajaziona.

Sasa nenda sokoni umtazame fundi saa. Kioo chake amekibana kwenye tundu la jicho, na kichwa amekiinamisha hadi pua inakaribia kugusa saa. Dalali wa tanzanite naye ni hivyo: lenzi imegusa nyusi, na jiwe lililoshikwa kwa kibano linaletwa juu hadi sentimita mbili au tatu kutoka kwenye lenzi. Watu wanaoendesha maisha yao kwa kioo hiki wanakishika hivyo kwa sababu. Ukiielewa sababu hiyo utaweza kupima nguvu ya kioo chochote unachouziwa, utatengeneza cha kwako kwa tone la maji, na utamtambua mdudu aliyeingia kwenye mahindi kabla hujanunua dawa isiyomhusu.

Andaa vitu hivi: kioo cha kukuzia cha aina yoyote, rula, ukurasa wa gazeti, kipande cha boksi jembamba kama la dawa ya meno, sindano ya kushonea, karatasi nyeupe, na waya mwembamba wa urefu wa kidole.

Hatua ya 1: Sogeza sarafu

Shika sarafu ya shilingi 200, nyoosha mkono, funga jicho moja. Ilete sarafu usoni taratibu. Inakua. Ukiitoa sentimita 50 ukaifikisha 25, machoni pako imekuwa kubwa maradufu, ingawa mkononi ni ileile. Jicho halijui milimita, linajua pembe. Mwale unaotoka ukingo mmoja wa sarafu na ule wa ukingo wa pili huingia jichoni kwa pembe fulani, na pembe hiyo ndiyo inayoamua picha itachukua nafasi kiasi gani kwenye retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga.

Ukitaka kuona jinsi pembe inavyotawala, ngoja mwezi mpevu. Mwezi una kipenyo cha zaidi ya kilomita 3,400, lakini kutoka hapa duniani unachukua pembe ya nusu digrii tu. Punje ya mchele yenye upana wa milimita 2, ukiishika sentimita 25 kutoka jichoni, nayo inachukua karibu nusu digrii. Jaribu: utauziba karibu mwezi wote kwa upana wa punje moja ya mchele.

Endelea kuisogeza sarafu. Kwenye sentimita 25 bado inasomeka. Kwenye 15 vijana wanaendelea kusoma, waliovuka miaka arobaini wameanza kukunja uso. Kwenye 5 kila mtu mzima anaona ukungu. Sarafu imejaa jicho zima, haijawahi kuwa kubwa kiasi hicho, na haisomeki hata herufi moja.

Kwa hiyo ukubwa tunao bure. Tunachokosa ni uwezo wa kuona vizuri tukiwa karibu kiasi hicho.

Hatua ya 2: Tundu la sindano

Hatua hii usiiruke hata kama una haraka, kwani ndiyo iliyonifungua macho mimi mwenyewe.

Toboa kipande cha boksi kwa ncha ya sindano. Tundu liwe dogo, safi, bila nyuzinyuzi za karatasi pembeni. Toka nje kwenye mwanga mkali, jua likiwa mgongoni kwako, gazeti mkononi. Weka tundu jichoni kabisa, hadi kope ziguse karatasi, kisha lete gazeti hadi sentimita 5. Tulia kidogo. Utaona herufi kubwa, nyeusi, zinazosomeka, na hata mahali ambapo wino umetambaa kwenye nyuzi za karatasi. Sasa ondoa kipande cha boksi bila kulisogeza gazeti. Ukungu mtupu. Kirudishe, na herufi zinarudi.

Hakuna kioo hapo, kuna tundu tu. Herufi zimekuwa kubwa kwa sababu gazeti liko karibu mara tano zaidi ya pale sentimita 25. Kazi ya tundu ilikuwa kuondoa ukungu kwa kuruhusu uzi mwembamba tu wa miale kutoka kila nukta. Gharama yake ni giza, maana mwanga mwingi umezuiwa nje. Kioo cha kukuzia kinatupa ukaribu huohuo bila kutunyima mwanga.

Hatua ya 3: Elewa kazi ya kioo

Kila nukta ya gazeti hutawanya miale pande zote. Nukta ikiwa mbali, miale michache inayobahatika kuingia kwenye mboni huwa karibu sambamba. Nukta ikiwa karibu, miale huingia ikiwa imetanuka kama vijiti vya mwavuli. Jicho lina kazi ya kuikusanya tena miale hiyo hadi ikutane kwenye nukta moja juu ya retina. Uso wa mbele wa jicho huipinda, lenzi iliyo ndani huongezea, na msuli mdogo huisaidia lenzi hiyo kutuna tunapotazama karibu. Lakini msuli una kikomo, na jinsi umri unavyokwenda lenzi ya jicho hukakamaa. Wataalamu wa macho huchukua sentimita 25 kuwa umbali wa kawaida wa kuona karibu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuona vizuri hata chini ya sentimita 10, na ndiyo sababu watoto hutuonyesha wadudu ambao sisi tulikuwa hatujawaona.

Kioo kinaingia hapo kusaidia. Mwanga husafiri hewani kwa karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na ndani ya kioo cha kawaida hupungua hadi karibu 200,000. Mwale ukiingia kwa mshazari, badiliko hilo la mwendo huupinda. Umeshaliona hilo jikoni: mwiko uliozama kwenye sufuria ya maji huonekana umevunjika pale usawa wa maji ulipo. Lenzi mbinuko, yaani ile iliyonenepa katikati na kuwa nyembamba pembeni, imechongwa ili kila mwale upindwe kwa kiasi chake. Unaopita katikati kabisa unanyooka. Unaopita pembeni unavutwa ndani, na kadiri ulivyo mbali na katikati ndivyo unavyovutwa zaidi. Miale iliyokuwa imetanuka inatokea upande wa pili ikiwa sambamba, na jicho linaipokea kwa utulivu kama vile inatoka mbali.

Kitu kiko sentimita 5 kutoka kwako, jicho limepumzika kana kwamba linatazama mlima, na pembe bado ni ile pana ya sentimita 5. Huko ndiko kukuza. Kile kitu kikubwa unachokiona "nyuma" ya kioo hakipo pale. Ukiweka karatasi mahali hapo haitapokea picha yoyote, na kwa sababu hiyo vitabu vya fizikia huiita taswira isiyo halisi.

Jambo hili lilianza kueleweka zamani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karne ya 10, aliyefanya kazi Kairo, aliandika Kitab al-Manazir akieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, kinyume na waliodhani jicho ndilo linalotoa miale. Neno manazir sisi tunalo hadi leo katika mandhari.

Hatua ya 4: Pima nguvu ya kioo chako

Simama ndani ya chumba, mkabala na dirisha lililo wazi mchana. Weka karatasi nyeupe ukutani upande wa pili wa dirisha. Shika kioo mbele ya karatasi, kisogeze mbele na nyuma taratibu. Ghafla picha ya dirisha itatokea kwenye karatasi, na mti ulioko nje, na mtu anayepita, vyote kwa rangi zake na vyote kichwa chini miguu juu. Rekebisha mpaka mti wa mbali uwe mkali kabisa. Pima kwa rula kutoka kioo hadi karatasi. Huo ndio urefu wa fokasi.

Gawanya 25 kwa namba hiyo. Fokasi ikiwa sentimita 10, kioo kinakuza mara 2.5. Ikiwa 5, mara 5. Ikiwa 2.5, mara 10. Baadhi ya vitabu huongeza 1 kwenye jibu, wakikusudia mtu anayelikaza jicho lake hadi mwisho wa uwezo wake. Mimi sipendi kuiongeza, kwa sababu ukifanya kazi saa nzima na jicho lililokazwa kichwa kitauma.

Hesabu hii itakulinda dukani. Kuna vioo vipana vya mkono, upana wa sahani ndogo ya chai, vimeandikwa "10x" kwenye boksi. Haiwezekani. Kukuza mara 10 kunataka fokasi ya sentimita 2.5, na fokasi fupi inataka uso uliopinda sana. Hata tufe zima la kioo lenye kipenyo cha sentimita 9 lina fokasi ya karibu sentimita 6.8 ukipima kutoka katikati yake, yaani halifiki mara 4. Kioo kipana cha kawaida kiko kwenye mara 2 au 3. Kinafaa sana kwa mzee anayesoma gazeti. Kwa miguu ya sisimizi hakifai. Kioo chenye nguvu ya kweli huwa kidogo, mara nyingi upana wa kitufe cha koti.

Kama huna kioo kabisa, tafuta miwani ya zamani ya kusomea. Gawanya 100 kwa namba iliyoandikwa na utapata fokasi kwa sentimita, hivyo miwani ya +4 ina fokasi ya sentimita 25. Lenzi moja ya aina hiyo ni dhaifu, lakini ukibandanisha mbili za +4 nguvu zinajumlika na fokasi inashuka hadi karibu 12.5.

Hatua ya 5: Kishike kama fundi saa

Leta kioo jichoni kwanza, kabla ya kukifikiria kitu chenyewe. Kidole gumba na cha shahada vishike ukingo, vidole vingine vitulie shavuni ili mkono usitetemeke. Ukivaa miwani ya kuonea mbali unaweza kuivua, kwani kioo kitafidia.

Kisha kilete kitu. Mkono wa pili ukishike kitu na uegemee mkono ulioshika kioo, mikono miwili iwe mwili mmoja. Sogeza kitu kuja juu mpaka kiwe wazi. Umbali utakuwa karibu sawa na ile fokasi uliyopima. Kwa kioo cha mara 10 hiyo ni sentimita 2.5 tu, na watu wengi hawaamini kwamba wanatakiwa kusogea kiasi hicho. Ukiwa na mashaka, sogea zaidi.

Usifumbe jicho la pili. Mwanzoni litakusumbua kwa kukuonyesha meza na vidole, lakini baada ya siku mbili tatu ubongo utajifunza kulipuuza, na uso hautachoka.

Kwa nini kioo kikae jichoni? Kioo ni dirisha. Ukisimama mbali na dirisha unaona kipande kidogo cha barabara, na ukisogeza uso hadi kwenye nondo unaona barabara nzima. Ukikinyooshea mkono kioo cha mara 10 unaona doa dogo katikati na ukungu pembeni. Ukikileta jichoni, sisimizi mzima anaingia, kichwa hadi tumbo.

Wale wanaoweka kioo juu ya gazeti na kukiinua polepole wanaona herufi zikikua, zikikua, kisha zinayeyuka, halafu zinatokea zimepinduka. Hakuna kilichoharibika. Kioo kikigusa karatasi hakikuzi karibu chochote. Kadiri gazeti linavyokaribia fokasi herufi zinakua, na likivuka fokasi unaanza kuona picha ya aina ileile uliyoikamata ukutani ikiwa kichwa chini.

Hatua ya 6: Mwanga

Mwanga uangukie kitu, usiangukie jicho. Kaa ubavuni mwa dirisha, au tumia tochi ya simu ukiishika pembeni na chini kidogo, ili vinyweleo na mikwaruzo itoe vivuli. Mwanga unaotoka moja kwa moja juu husawazisha kila kitu, na ngozi ya mdudu inakuwa kama plastiki. Mdudu mweusi mweke juu ya karatasi nyeupe, na yai jeupe la mdudu liweke juu ya kitu cheusi.

Hatua ya 7: Tone la maji kwenye waya

Zungushia waya kwenye msumari upate kitanzi cha milimita 3 au 4. Kichovye kwenye maji safi. Tone litanasa kwenye kitanzi likituna pande zote mbili: hiyo ni lenzi mbinuko kamili, na fokasi yake mara nyingi haifiki sentimita 2. Ishike karibu kabisa na jicho, lete gazeti karibu kabisa na tone. Picha itatikisika na pembeni itapinda, lakini katikati kuna eneo dogo lililo safi, na humo utaona picha ya mchezaji mpira ikivunjika kuwa madoa ya buluu, waridi, manjano na nyeusi.

Simu inatoa onyesho rahisi zaidi. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini, dondosha tone dogo sana la maji kwa ncha ya kidole, si zaidi ya kichwa cha pini, na utazame. Weupe umetoweka. Ndani ya tone kuna vijiti au vidoa vya nyekundu, kijani na buluu tu. Nimewaona wanafunzi wakifuta tone na kuliweka tena mara tano wakidhani simu imeharibika. Futa maji mara moja ukimaliza.

Usilidharau tone. Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyeishi kati ya 1632 na 1723, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na wauza vitambaa wa enzi hizo walitumia vioo kukagua nyuzi. Akaanza kutengeneza lenzi zake mwenyewe, ndogo mithili ya punje ya ulezi, kila moja imebanwa kati ya vibati viwili. Moja iliyobaki hadi leo inakuza zaidi ya mara 260. Gawanya 25 kwa 260 uone: fokasi yake haifiki hata milimita 1. Ilibidi aibandike jichoni, na kitu kikae kwenye ncha ya sindano nyuma yake. Kwa lenzi moja ya aina hiyo, bila mtambo wowote zaidi, aliona vijidudu vya bakteria katika miaka ya 1670, akiwa mtu wa kwanza anayejulikana kuviona.

Ukitaka kurudia kazi ya wauza vitambaa, chukua kanga na rula. Hesabu nyuzi katika sentimita moja, za kulala na za kusimama. Fanya hivyo kwa kanga mbili za bei tofauti. Nyepesi inayopauka haraka utaijua kwa matundu yake kabla hujaifua.

Hatua ya 8: Ghalani na shambani

Kwangu mimi hapa ndipo kioo kinapolipa bei yake.

Mwaka mmoja mahindi ya mama yangu yalianza kutoa unga chini ya gunia. Alienda dukani akaeleza "wadudu wa mahindi", akauziwa dawa ya unga, akachanganya kwa uangalifu wote. Baada ya wiki sita gunia lilikuwa nusu pumba. Nilipokwenda nilimweka mdudu mmoja chini ya kioo cha mara 10. Hakuwa fukusi. Alikuwa dumuzi, yule ambaye wakulima Tanzania walimpa jina la Scania.

Tofauti yao inaonekana ndani ya sekunde kumi ukiwa na kioo. Fukusi ana mdomo mrefu mwembamba unaotokeza mbele kama mkonga, na mgongoni mara nyingi ana madoa manne ya rangi hafifu. Dumuzi hana mkonga. Mwili wake ni kama kipande cha bomba, urefu wa milimita 3 hadi 4 na ushei, kichwa kimejificha chini ya kifua hivi kwamba ukimtazama kutoka juu hukioni, na nyuma amekatika wima kama amepigwa panga. Dumuzi hutoa unga mwingi kuliko fukusi, hupenda mahindi yaliyo kwenye magunzi, na huingia hata kwenye makopa ya muhogo.

Dawa zao hazifanani. Viuadudu vya jamii ya pairethroidi ndivyo vinavyomwangusha dumuzi, na fukusi huangushwa na jamii nyingine, za fosforasi. Dawa nzuri za nafaka huchanganya zote mbili, kwa hiyo soma kibandiko uone kama kuna viambato viwili. Herufi za kibandiko ni ndogo mno, na kioo hichohicho kitakusaidia kuzisoma pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukitumia mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, wote wawili hufa kwa kukosa hewa, ila dumuzi anaweza kuutoboa mfuko. Kagua kabla ya kufunga.

Shambani, mfunue kiwavi uliyemkuta kwenye moyo wa mhindi. Kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, ya rangi hafifu, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yanayounda mraba. Kwa macho matupu mtu anakisia. Kwa kioo unahesabu.

Kwenye nyanya geuza jani. Ukiona vumbi jekundu linalotembea kati ya nyuzi laini kama za buibui, lenga kioo uhesabu miguu: minane, maana yake ni utitiri, ndugu wa buibui na kupe. Kila mmoja ana karibu nusu milimita. Dawa nyingi za wadudu wa kawaida hazimuui, na nyingine huwaua maadui zake na kumwacha ashamiri, hivyo omba dawa ya utitiri kwa jina lake.

Nyumbani mtazame mbu aliyekufa. Pembeni mwa mrija wa kunyonyea kuna vijiti viwili. Kwa mbu jike wa Anofelesi, anayeeneza malaria, vijiti hivyo ni virefu sawa na mrija, kichwa kinaonekana kama uma wa meno matatu. Kwa mbu jike wa Kuleksi, yule anayetuimbia sikioni usiku, vijiti ni vifupi sana. Mwenye manyoya mengi kama ufagio kichwani ni dume, na dume hang'ati.

Kikomo

Vimelea vya malaria vyenyewe hutavionea kwa kioo cha mkononi, usijaribu. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa karibu sehemu 7 hadi 8 za elfu ya milimita; kwa lugha rahisi, panga chembe 130 mstari mmoja ndipo upate milimita 1, na kimelea kinakaa ndani ya chembe hiyo. Maabara hutumia hadubini ya kukuza mara 1,000. Kwa kioo cha mara 10 na macho mazima utaweza kutofautisha vitu vya karibu sehemu moja ya mia ya milimita, basi. Hayo ni mengi tayari: unywele wa kichwani una unene wa mara tano hadi kumi ya hapo.

Ukiona rangi za upinde pembezoni mwa picha, jua kwamba kioo hupinda kila rangi kwa kiasi tofauti kidogo. Lenzi nzuri za mafundi na wakagua madini huunganisha vipande viwili au vitatu vya kioo ili kuziondoa, na ndiyo maana zina bei.

Jua

Usitazame jua kupitia kioo, hata kwa mzaha, hata mara moja. Lenzi yenye upana wa sentimita 5 na fokasi ya sentimita 10 hukusanya mwanga wote wa jua inaoupokea kwenye doa lisilofika milimita 1. Ni zaidi ya mara elfu mbili ya ukali wa kawaida, na retina haina maumivu ya kukuonya. Kwa sababu hiyohiyo usikiache dirishani, kwenye gari, wala karibu na makuti. Kifunge kwenye kitambaa cheusi, kabatini.

Kukisafisha, kimwagie maji kwanza vumbi liondoke, kisha sabuni kidogo, kisha kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika. Ukikipangusa kikavu vumbi hukikwaruza, hasa kikiwa cha plastiki.

Kupiga picha

Simu nayo ni jicho, na sheria ni zilezile. Gusanisha kioo na kamera ya simu, ukikibana kwa mpira wa kufungia noti. Egemeza mkono mezani, sogeza mdudu hadi umbali wa fokasi, gusa skrini katikati ya mdudu ili kamera ijirekebishe, na upige picha tatu au nne. Kabla ya kumtumia bwana shamba, weka rula pembeni ya mdudu ili milimita zionekane kwenye picha. Piga ya mgongoni, ya ubavuni na ya kichwa, maana hatakuwa na kioo chako mkononi.